Mbawakawa wa Mwalimu Hermani

Ndugu waombolezaji, baba yetu Mwalimu Hermani Yonas Qamara alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Tlawi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Yonas na marehemu bibi Getruda, akatembea akiwa na miezi tisa na, kwa maelezo ya bibi, hakukaa tena. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Tlawi kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza ualimu mwaka 1983, akafundisha sayansi Nambis hadi alipostaafu mwaka 2021, na waliopita mikononi mwake wanajua aliweza kuacha somo katikati akamfuata mdudu nje. Tarehe 2 Julai 1988 alifunga ndoa na mama yetu Fausta, wakajaliwa watoto watatu, Lameck, Eva na Brightness.

Tarehe 9 Agosti 2011, kwenye msiba wa babu, katika kuni walizoleta waombolezaji, baba aliona mbawakawa jike asiyemfahamu, akamhifadhi kwenye spiriti, akaandika "Tlawi" kwenye kibandiko. Wataalamu wa chuo kikuu aliowapelekea walimjibu kwamba si spishi mpya tu, hata jenasi yake haijawahi kuelezwa, ila bila dume, na bila kujua gogo lilitoka wapi, hawezi kutangazwa. Baba akaanza kuuliza, na kwa kuwa hakuna ukoo unaokubali kusemwa ulikuja msibani mikono mitupu, kila nyumba iliapa gogo ni la kwao. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, hii ilikuwa ya miaka minane, baba akizunguka milima yote ya Mbulu, mama akilalamika kwamba ameolewa na mgongo, maana uso hauoni. Ni mjomba Joakimu wa Basotu, mwaka 2019, aliyekiri kwamba gogo aliliokota kwenye hifadhi ya mlima Hanang, akanyamaza kwa kuogopa askari wa misitu. Sisi tulikasirika, baba alicheka, akavaa viatu.

Dume alipatikana tarehe 18 Novemba 2022, mwezi mmoja baada ya madaktari kukuta saratani ya tumbo. Baba aliandika maelezo kwa miaka miwili akiwa kitandani, akituamsha tupime tena, akiyasoma kwa sauti hata tukayakariri: urefu milimita saba na nusu, mistari tisa kwa kila bawa, vipapasio vifupi kuliko kichwa. Aliyatuma kwa jarida la sayansi Januari mwaka huu, na kila siku akauliza kama jarida limejibu.

Tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, aliuliza tena, na mama akamwambia wamekubali, akashika karatasi ya dawa akamsomea maelezo yote kana kwamba yamechapwa, baba akamsahihisha mahali pamoja, akatulia, akafariki saa sita mchana. Jarida halijajibu hadi leo. Mama ametaka hili lisemwe mbele ya jeneza, kwa sababu katika miaka thelathini na sita ya ndoa hakuwahi kumdanganya, na hajui kama alifanya vema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tlawi, walimu wenzake wa Nambis, na mjomba Joakimu, aliyempandisha Hanang mgongoni alipoishiwa nguvu.

Baba, pumzika. Jibu tutalifuatilia sisi.