Mwalimu Joyline Kiende, Aliyesema "Ni Mimi"

Mwalimu Joyline Kiende Riungu, ambaye leo tunamrudisha udongoni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 kijijini Ruiri, Meru. Alikuwa kifungua mimba wa hayati Mzee Riungu, mkulima na mfugaji, na hayati Mama Nelius Ruguru, aliyeolewa kutoka Runyenjes, Embu. Baada yake mama alipoteza watoto wawili wakiwa wachanga. Kajuju alipozaliwa mwaka wa 1968 akalia kwa nguvu, mama alimweka mikononi mwa Joyline, msichana wa miaka minne, akamwambia, "Huyu ni wako. Usimwangushe." Mama alikuwa akitania, lakini Joyline hakulichukulia kuwa jambo la utani, wala hakuwahi kulichukulia hivyo maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapo Ruiri, kisha akaenda upande wa Embu kwa masomo ya upili, akikaa kwa mjomba wake, Mzee Njeru. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1982. Likizo zikifika alirudi nyumbani na vitabu alivyoazimwa, akamsomea Kajuju jikoni huku githeri ikichemka. Walikuwa tofauti kama maji na moto. Joyline alipima neno kabla ya kulitoa. Kajuju, mama alizoea kusema, ulimi wake ulizaliwa bila kifuniko. Siku moja kanisani, akiwa na miaka minane, alisimama katikati ya mahubiri akamwambia mwinjilisti kwamba Yona hakumezwa na mamba. Watu walicheka hadi mwinjilisti naye akacheka. Jioni hiyo Joyline ndiye aliyechapwa, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha.

Wasichana hawa walikua katika miaka ambayo wengi wenu hapa mnaikumbuka, ingawa hatupendi kuizungumzia. Picha ya mkubwa wa nchi ilining'inia katika kila duka. Ukienda soko la Makutano bila kadi ya chama, vijana wa chama walikurudisha. Mwaka wa 1985 waliumwaga mfuko mzima wa maharagwe ya Mama Ruguru barabarani, malori yakapita juu yake. Mama aliinama kuokota. Joyline akainama naye. Kajuju peke yake alibaki wima, akiwatazama wale vijana usoni mmoja mmoja. Usiku Joyline alimwambia, "Macho hayo yatakuua." Kajuju akamjibu, "Na yako je, hayo ya kuangalia chini, yamekuokoa na nini?"

Joyline alihitimu ualimu mwishoni mwa mwaka wa 1985 na kuanza kufundisha Ruiri, katika shule ileile iliyomlea. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Wanafunzi wake wa wakati huo, ambao sasa wana mvi, husema kwamba hakupaza sauti hata siku moja. Alisubiri tu kimya hadi mtoto aone haya.

Februari 1988 watu waliitwa kwenye uwanja wa shule hiyo kupiga kura ya mlolongo. Kila mtu alisimama hadharani nyuma ya mgombea wake. Mlolongo mmoja ulikuwa mrefu, ukatoka uwanjani ukafika josho la ng'ombe. Wa pili ulitoshea kwenye kivuli cha mti mmoja. Msimamizi akatembea, akanong'onezwa, akatangaza kwamba mlolongo mfupi umeshinda. Watu waliinamisha vichwa. Joyline alimshika dadake kifundo cha mkono akakikaza kwa nguvu.

"Nyamaza," alimwambia. "Tafadhali, Kajuju, leo tu."

Kajuju alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anasubiri nafasi ya kusomea uuguzi. Akasema kwa sauti iliyofika josho, "Hata ng'ombe wa hapa wanaona ni upi mrefu!"

Uwanja mzima ulicheka. Pengine maneno yale yangesamehewa. Kicheko hakikusamehewa.

Walikuja siku iliyofuata mchana, wanaume watatu wasiovaa sare, ndani ya gari lisilo na nambari. Familia ilikuwa shambani ikichimba viazi. Mmoja akauliza, "Kajuju ni yupi?"

Joyline akaweka jembe chini, akasimama. "Ni mimi," alisema.

Walikuwa wameanza kumvuta aliposikika Kajuju nyuma, akiwa bado amebeba gunia. "Dada, kaa chini. Wewe hujui hata kudanganya." Akatua gunia, akajipangusa mikono kwenye sketi, akaenda mwenyewe hadi kwenye gari. Joyline alilikimbilia lile gari hadi barabara kuu. Alirudi bila viatu, na hakukumbuka alikoviacha.

Hapo ndipo ulipoanza utafutaji. Joyline alikwenda kila kituo cha polisi kuanzia Meru hadi Embu, na baadaye Nairobi, akiwa na gauni safi ndani ya mfuko. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimtafuta mumewe alimfunza ujanja huo: usiulize kama mtu yuko, kwa sababu watakwambia hayuko. Peana nguo safi, uombe ile chafu. Chafu ikirudi, yu hai. Mahali pengi walimfukuza. Katika jengo moja jijini Nairobi askari alipokea gauni, akakaa sana, akamletea furushi. Joyline alilifungua njiani. Ilikuwa suruali ya mwanamume, yenye damu iliyokauka magotini. Aliifua, akaipiga pasi, akairudisha pale mlangoni, akisema kwamba yule kijana naye ana dada mahali. Askari alimtazama kama mwendawazimu. Huenda kweli alikuwa amekaribia.

Mwezi wa Mei mwaka huo aliitwa na mkuu wa shule, akaambiwa asirudi darasani. Hakuelezwa sababu. Mwalimu mwenzake aliyekuwa amemposa alikuja nyumbani Jumapili moja, akanywa chai, akazungumzia mvua, akaaga. Hakurudi tena, na wazee wake walipeleka posa kwingine. Mzee Riungu aliacha kula. Alizikwa Agosti, na mazishini walikuja majirani wachache sana, kwani watu waliogopa kuonekana. Tunalisema hili bila kumlaumu yeyote. Nasi tulikuwa miongoni mwa walioogopa.

Kajuju alishushwa kwenye stendi ya Makutano mwezi wa Septemba, amevaa koti la mtu asiyemjua. Muuza nyanya alimtambua, akamfunika leso, akatuma ujumbe Ruiri. Miguu yake ilikuwa imevimba na ngozi kuoza kwa kusimamishwa ndani ya maji, siku baada ya siku, katika chumba kisicho na dirisha. Joyline alimbeba mgongoni kutoka barabarani hadi nyumbani, kama alivyombeba alipokuwa mtoto. Wiki nzima Kajuju hakunena. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, niliwapa jina lako. Waliuliza nani alinifundisha kusema vile, nikawapa jina lako."

Joyline alikuwa akimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Hakuinua kichwa. "Ni lako," alimjibu. "Lilikuwa lako tangu siku uliyozaliwa. Ulilitumia vizuri, ukarudi."

Lakini Kajuju hakurudi. Waliokuwa wakimjua watakubali. Yule msichana aliyewatazama watu usoni alibaki huko, na aliyeletwa Makutano alishtuka akisikia gari, akajificha akimwona mwanamume mwenye tai, na hakuweza kulala katika chumba kilichofungwa. Hakusomea uuguzi. Hakuolewa. Mama Ruguru aliaga dunia mwaka wa 1990, na neno lake la mwisho kwa Joyline lilikuwa lilelile la zamani: "Usimwangushe."

Joyline akahamia Timau na dadake, akapata kibarua cha kukata maua. Huko alikutana na Bwana Kaimenyi, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano. Alimweleza wazi kwamba akimwoa atamwoa na Kajuju. Kaimenyi akasema, "Basi nitajenga vyumba vitatu." Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993, na Mungu akawajalia binti, Kendi, mwaka wa 1995. Mlango wa Kajuju haukufungwa hata siku moja, na baridi ya Timau ikatawala nyumba nzima. Kendi alikua akilala chini ya blanketi tatu, akidhani kwamba ndivyo watu wote wanavyolala. Bwana Kaimenyi alitangulia mbele za haki mwaka wa 2009.

Utawala ulipobadilika, Joyline alirudishwa kazini mwaka wa 2004, akafundisha darasa la kwanza hapa Timau hadi alipostaafu. Hakuna aliyemweleza kwa nini alifukuzwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Mwaka wa 2011 watu wa tume walikuja Meru kusikiliza walioteswa. Alimvisha Kajuju gauni jipya, akampeleka. Nyuma ya meza alikaa bwana mpole mwenye tai, akasema, "Karibu mama, jisikie huru." Kajuju akajikojolea pale alipoketi. Joyline aliomba amsemee, akajibiwa kwamba ni lazima mwathiriwa aseme mwenyewe. Wakarudi nyumbani.

Juni 2024 vijana walipoingia barabarani, Kendi, anayefanya kazi ya ofisi mjini Meru, alimpigia mamake kumwambia kwamba ataandamana. Mwalimu alipanda gari siku hiyohiyo, akaenda kukaa mlangoni mwa nyumba ya bintiye.

"Mama, hiyo ilikuwa zamani yenu," Kendi alimwambia. "Siku hizi mambo ni tofauti."

"Zamani ni wapi, Kendi? Nionyeshe niende nikaishi huko."

Kendi aliruka dirisha akaenda, akarudi salama. Adrian, mtoto wa jirani yetu hapa Timau, hakurudi. Alichukuliwa dukani mchana na wanaume wasiovaa sare. Mwalimu, akiwa na miaka sitini, alimshika mama Adrian mkono, wakaanza safari ya vituo, Meru, Embu, Nairobi. Alimfunza kubeba nguo safi. Alipotoka safari ya mwisho alikaa kitako jikoni akamwambia Kendi, "Nilidhani nilijifunza ujanja ule ili usihitajike tena." Mama Adrian yuko nasi hapa leo. Bado anatafuta.

Mapema mwaka huu wa 2025 Mwalimu alianza kushindwa kumeza. Akasema ni baridi. Aprili, madaktari mjini Meru walipata saratani ya koo iliyokuwa imeenea. Alitibiwa kadiri ilivyowezekana. Kajuju ndiye aliyemnywesha uji, kijiko kwa kijiko, kwa subira ambayo hatukujua kwamba bado anayo. Sauti ilipopotea kabisa, Mwalimu alizungumza kwa mikono. Siku ya mwisho alimwonyesha Kendi chumba cha dadake, akaweka kiganja kifuani pa Kendi, akakikandamiza hapo. Kendi akasema, "Nimesikia, mama." Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Familia inaomba mlielewe jambo moja. Mmeona kwamba Kajuju hayuko hapa kando ya kaburi. Kendi alipomweleza kwamba dadake ameondoka, aliuliza, "Wamempeleka kituo gani?"

"Hakuna kituo, mama mdogo. Amefariki."

Kajuju akatikisa kichwa. "Ndivyo wanavyokwambia," alisema. "Usiwaamini." Tangu siku hiyo anaketi langoni kuanzia kunapokucha, gauni safi la Mwalimu likiwa limekunjwa mapajani, akisubiri mtu wa kumwelekeza njia. Tumejaribu kumleta mbele ya jeneza. Alilitazama, akasema huyu si yeye. Mtakapokuwa mkitoka, mnaombwa msipige honi na mpite polepole. Na akiwauliza, msimdanganye. Sisi wenyewe hatujui tumjibu nini.

Marehemu ameacha dada, Kajuju Riungu; binti, Kendi Kaimenyi; mjomba, Mzee Njeru wa Runyenjes; mabinamu; na wanafunzi wengi aliowafunza kusoma.

Mwalimu, Mungu akupe pumziko ambalo nchi hii haikukupa.