Shukrani kwa Babu

Treni ilikuwa ikikaribia kituo Mzee alipowasikia wahandisi wawili waliokaa nyuma yake, waamuzi wa shindano la tafiti za wanafunzi, wakibishana.

“Hii ya mabomba yanayovuja tungeitoa, mama. Kanuni inataka mwandishi asijulikane, naye kamshukuru babu yake aliyemshikia tochi chini ya sinki!”

Mzee akanywea. Babu huyo alikuwa yeye, na ndiye aliyemshurutisha mjukuu wake kuandika shukrani hizo, kwani hakulea watoto wasiojua kushukuru.

“Ndugu yangu, acha ukorofi,” mwanamke akajibu. “Kanuni imekataza majina. Babu ni jina la nani? Kamati imeshaipitisha, na leo anaiwasilisha.”

“Mimi babu yangu hakunishikia tochi.”

“Ndiyo maana mabomba yanakushinda.”

Bwana yule alikuwa angali akinung’unika treni iliposimama.

Mzee akashusha pumzi. Wiki nzima alikuwa amemnunia mjukuu wake kwa kukataa kuandika majina yake yote matatu, pamoja na cheo chake cha ualimu mkuu. Akanyoosha koti, akashuka, akiwa radhi kabisa kuitwa babu tu.