Apolonia Milembe Luhaga (1966–2025): Mhariri na Ngitili ya Nyumbani

Marehemu Apolonia Milembe Luhaga alizaliwa Jumapili, 14 Agosti 1966, Nkololo, wakati huo Mkoa wa Shinyanga, mtoto wa pili wa Mzee Luhaga na Mama Nyanjige. Mama yake alisimulia kuwa alichelewa kusema. Alikaa tu nyasini karibu na ndama, akisikiliza upepo, mpaka watu wakaingiwa na wasiwasi. Alipoanza kusema, alianza kwa kuuliza.

Alisoma shule ya msingi kijijini, 1974 hadi 1980, kisha sekondari Mwanza. Mwaka 1989 alipata stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam.

Kazi aliianza Mwanza mwaka 1990, akiandika habari za ziwa, mvua na miti. Mwaka 2004 alikuwa mhariri wa habari, na 2011 mhariri mwandamizi. Alimtaka mwandishi amsomee habari yake kwa sauti, naye akafumba macho, ungedhani amelala. Ukiruka jambo tu, ulisikia sauti ya upole: "Rudi hapo. Nani alikwambia?" Wengi waliopita mikononi mwake bado wanaisikia.

Tarehe 26 Juni 1993, mjini Bariadi, alifunga ndoa na Mwalimu Method Ngeleja. Mwalimu alikuwa amemwandikia barua kulalamikia habari yake moja. Alimjibu, wakabishana kwa barua mwaka mzima, na mwisho wakaoana. Walijaliwa Dastan na Precious.

Septemba 2010 aliandika juu ya ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, na jinsi yalivyokuwa yakifyekwa kwa ajili ya mkaa na pamba. Aliwataja waliofyeka. Mmoja alikuwa kaka yake Masalu, mrithi wa ngitili ya baba yao. Wenzake walimsihi aliondoe jina hilo. Akasema, "Nikimficha huyu, wale wengine nimewataja kwa haki gani?" Masalu hakumsemesha kwa miaka kumi na minne. Milembe hakuijutia habari ile, lakini ukimya wa kaka yake ulimuuma sana, na hakuficha.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mifupa. Januari 2024 aliomba arudishwe Nkololo. Alilala barazani, usingizi na kuamka vikichanganyika, na kila alipofumbua macho alimuuliza mumewe kama Masalu amepita.

Asubuhi moja ya Novemba, Masalu alikuja na mkokoteni wa ng'ombe uliotandikwa godoro.

"Mwangaluka, Milembe," alimsalimu.

Akampeleka taratibu hadi ngitili ya baba yao. Kote njiani ardhi ilikuwa tupu, lakini pale nyasi zilimfika mtu kiunoni, na migunga ilikuwa imechipua upya.

"Umeifunga lini, kaka?"

"Huu msimu wa tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeandika."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wakakaa pale hadi jua likawa kali.

Alifariki usingizini, alfajiri ya Jumanne, 4 Machi 2025. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na kaka mmoja.

Habari ya ngitili ile kufungwa hakuiandika kamwe. Masalu, anayewasomea wasifu huu, ameomba iandikwe hapa, na jina lake liwemo.

Mungu ampe Milembe pumziko la amani.