Vidonge vya Ridhwan na Tarawehe

Laasiri ya siku za mwisho za Shaabani, barazani Malindi ya Unguja, kahawa ilikuwa ikizunguka na Ridhwan hakuweza kutulia. Mwaka huu msikiti ulikuwa umemchagua asalishe tarawehe, juzuu nzima kila usiku. Lakini vidonge vya kifafa vilimtia usingizi na kumpokonya aya mdomoni, yeye aliyehifadhi msahafu kabla ya kuota ndevu. Mola alimpa amana mbili, mwili na maneno Yake, na sasa aliona moja inaila nyingine.

— Nnaviacha mpaka Idi, alisema.

— Viache leo! akajibu Mkadam, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Chokaa tupu ile. Inaziba mishipa ya hifadhi.

— Chokaa gani? akadakia Ahmada, waliyemwita Mufti ingawa hakuna aliyewahi kumwomba fatwa. Jini huyo! Anywe kombe, aya ziandikwe sahanini kwa zaafarani, zioshwe kwa marashi.

— Kombe nshakunywa, Mufti.

— Kwa maji ya mfereji! Yachotwe Kizimkazi, karibu na msikiti wa kale. Jini akisilimu, ndiye atakayekukumbusha aya.

— Tena kwa tajwidi! akasema Redio. Watu watatoka Mkokotoni kuja kumsikiliza!

Walicheka. Ridhwan naye alicheka. Mwezi wa Rajabu aliviacha vidonge, akaanguka papa hapa. Wenzake walimwambia kwamba walimdaka.

— Asalaam alaykum.

Alikuwa Bi Saadiya, mama mdogo wa Ridhwan, ambaye hajapata kusimama mbele ya baraza ile.

— Waalaykum salaam. Shikamoo, Bi Saadiya.

— Marahaba. Nauliza moja tu, wanangu. Rajabu nilimkuta huyu kalala peke yake, shavu limechubuka kwa jiwe, na vikombe vyenu bado vina moto. Nani kati yenu alimshika?

Mufti alitazama kahawa yake. Redio alitazama ndala zake. Ridhwan aliwaangalia mmoja mmoja, akafahamu: waliliogopa povu la kifafa, wakamkimbia wakidhani linaambukiza. Hakuwachukia, hofu nayo ni maradhi. Lakini akianguka mbele ya kibla, safu ngapi zitakimbia?

— Mama, daktari yupo jioni hii? Nnataka nimwambie huu usahaulifu.

— Na vidonge?

— Nnameza mpaka aseme yeye. Tarawehe ntasalisha kwa sura fupi. Wakikataa msikitini, ntasimama safu ya nyuma. Na huko Mola anasikia.

Mkadam, yule Redio, alinyoosha mkono kumsaidia Ridhwan kushuka barazani. Mkono ulisita njiani, kisha ukamshika.