Twiga Hakupitishwa na Kamati

"Shingo yake ngazi, ngozi yake ukuta uliobanduka rangi, na hakuna kamati iliyompitisha. Ni nani huyo?"

Tegueni wenyewe. Mama mzee wa kanisa alishindwa pale pale kwenye kiti cha treni, na fundi mchora mabango akamtegulia: "Twiga, mama! Mungu angewasubiri ninyi wazee, tungekuwa na mbuzi tu."

"Usinizungushe, mwanangu. Tuliagiza ukuta wa madhabahu uwe mweupe. Wiki ya pili hii umejifungia humo kanisani, na askofu anakuja Jumapili. Umechora nini?"

"Imani ni kuthubutu, mama. Petro alishuka mashuani bila kuuliza kina."

"Na akazama," alisema mama, ambaye kafundisha watoto kisa hicho miaka thelathini. "Mimi ndiye niliyekudhamini kwenye kamati. Wakikutimua, na mimi nimo. Umechora nini?"

Fundi akahubiri vituo vitatu, kwamba uoga ni dhambi na kipaji hakifukiwi, hata abiria wa jirani wakaitikia amina. Mama naye akaanza kulainika, akamkubalia moyoni achore malaika mmoja, mdogo, wa pembeni.

Treni ikafunga breki. Fundi akainamia makopo yake ya rangi, yote bado hayajafunguliwa.

"Mweupe vilevile, mama. Kila nikishika brashi, naingiwa na uoga."