Pete ya Bi Enid Ndani ya Kompyuta

Bi Enid Entwistle anastaafu Ijumaa hii, tarehe 21 Machi 1986, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha mikate. Wakubwa wameniomba niandike mimi, mzee wa tanuri, kwa kuwa wengine waliomjua tangu mwanzo wako makaburini au wamehamia Blackpool, kule pwani kwa wastaafu, na sioni tofauti kubwa.

Kompyuta yetu ya kwanza ilijaza chumba kizima kwa taa za vioo zilizoiendesha, ikinguruma kama paka mwenye kifua. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya mikate ya kesho, kila duka lipelekewe mingapi. Enid ndiye aliyeitungia maagizo na kuyatoboa kwa matundu kwenye kadi ambazo mashine ilizisoma. Ikifanya kazi, yeye alifuma soksi huku akisikiliza mlio wake kwenye spika, ajue kama inakwenda sawa. Soksi zilivaliwa na Wilf, dereva wa gari la mikate. Mashine ikisumbua, soksi moja ilitoka ndefu kuliko ya pili.

Siku zile mwanamke akiolewa, kazi basi. Enid akaolewa na Wilf kimyakimya, pete akaificha kifuani kwa uzi. Tulijua sote isipokuwa meneja, Bwana Clegg, ambaye hata mvua ilibidi aambiwe.

Asubuhi moja Enid aliinama kwenye mashine ikiwa inawaka, akizigongagonga taa kwa penseli ili aipate mbovu. Pete ikachomoka, ikatua kwenye nyaya. Cheche, moshi, kisha kimya. Clegg akaja mbio, akaiona imenasa mle ndani, nyeusi, akauliza ni ya nani.

"Yangu, Bwana Clegg. Na ya Wilf kidogo."

Tukajua kazi hana tena. Clegg akaitazama pete, akaitazama mashine, akaikumbuka mikate ya kesho.

"Tengeneza kwanza. Ukimaliza, tutazungumza habari ya kuondoka kwako."

Jioni mashine ikanguruma. Clegg akauliza kama amemaliza. Bado kidogo, akajibiwa. Kila Krismasi aliuliza, na kila Krismasi ilikuwa bado kidogo, mpaka Clegg akastaafu yeye, mashine ikauzwa chuma chakavu, zikaja ndogo, na Enid akawafundisha wake za watu kazi hiyo, pete vidoleni, mchana kweupe.

Jana alipokabidhi ufunguo, nilimuuliza kwa niaba ya marehemu Clegg.

"Sasa nimemaliza," akasema, akafuta miwani.

Asante, mama, kwa mikate yote iliyofika. Wilf anakungoja getini. Tunawatakia uzee wa raha, na soksi zinazolingana.