Barafu ya Manong Teryo

Baada ya miaka tisa katika Baraza la Mkoa, na ishirini na miwili ya kuuza barafu kabla ya hapo, Mheshimiwa Eleuterio Gumban anastaafu tarehe 30 Juni. Hapa Tabuan hakuna anayemwita Mheshimiwa. Ni Manong Teryo, kaka mkubwa wa kila mtu, hata wa wanafunzi wenye umri wa wajukuu zake.

Alianza na mashine moja kuukuu nyuma ya soko la samaki. Barafu yake ilisafiri siku mbili hadi visiwa vya mbali na kufika ikiwa nzima, kwa sababu aliifukia ndani ya pumba za mpunga. Aliposikia soko litahamishwa bila wauzaji kuulizwa, akagombea ujumbe wa Baraza.

"Muuza barafu atatunga sheria gani?" wapinzani walimcheka.

"Zisizoyeyuka," alijibu, akashinda.

Sisi wa Sekondari ya Tabuan tunamkumbuka zaidi kwa siku moja. Kampuni ya hoteli ilitaka kununua kiwanja cha shule yetu, na ofa yake ilikuwa inakwisha jioni ile ile. Wajumbe wengi walikuwa tayari kukubali. Manong Teryo akaomba kusema. Mwenyekiti, aliyekwisha kuchoshwa na hotuba zake, akalinyooshea kidole sanduku la barafu ambalo Manong alilileta kila kikao ili kupoza vinywaji vya wajumbe.

"Haya, sema mpaka barafu yako iyeyuke. Ikiisha, kaa."

"Iandikwe kwenye kumbukumbu, Mwenyekiti," alisema, akaanza.

Alisimulia jinsi wazazi walivyobeba mchanga wa kujengea madarasa, na jinsi nusu ya mji ilivyolala humo wakati wa kimbunga. Saa saba mchana mwenyekiti akaamuru sanduku lifunguliwe. Karani akapekua pumba.

"Bado ngumu, Mheshimiwa."

"Kama kichwa chake," akasema Manang Oding, mkewe, kutoka viti vya wananchi. "Mimi naishi nacho miaka arobaini. Agizeni chakula tu."

Jua lilipozama, ofa ilikufa. Manong alikuwa bado amesimama, sauti imemkauka.

Mwezi huu wamekuja watu wengine kupima kiwanja chetu kwa kamba, na kiti chake kitakaliwa na mtu tusiyemjua. Hatusemi kwamba hatuogopi. Ila tumeshaomba nafasi ya kuzungumza kwenye kikao cha Julai, na sanduku ametuachia.

Asante, Manong. Tunawatakia wewe na Manang Oding siku njema za kupumzika nyumbani. Pumba tumeshajaza.